Patterson: Aliyejenga daraja la Tsavo, simba wake wakaishia Chicago

MSAFIRI anayetoka Mombasa kuelekea Nairobi kwa reli hupita Maungu, akafika Voi, na baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi akavuka Mto Tsavo. Mto wenyewe si mpana, na abiria aliyelala huenda asijue kwamba ameuvuka. Hata hivyo, ni katika mahali hapo, mnamo 1898, ambapo simba wawili walisimamisha ujenzi wa reli ambayo Serikali ya Uingereza ilikuwa ikiigharimia kwa mamilioni ya pauni.

Anayetaka kuwaona simba hao leo hawezi kuwapata Voi, wala Tsavo, wala katika makavazi ya Nairobi. Sharti asafiri hadi Chicago, Marekani, ambako wamewekwa ndani ya kasha la vioo katika makavazi ya Field, mmoja akiwa amesimama na mwingine amejiinamia. Wamekuwa hapo tangu 1925, na ni miongoni mwa maonyesho yanayojulikana mno katika makavazi hayo.

Aliyewaua, akaandika habari zao na hatimaye akawauza, ni John Henry Patterson. Jina lake halitajwi sana siku hizi katika Kaunti ya Taita Taveta, ila maisha yake yanastahili kusimuliwa upya. Yanatufunza jinsi kitu kinavyoweza kutoka katika nyika yetu, kikawa maonyesho ya kutazamwa na ulimwengu, na jinsi sehemu kubwa ya kisa chake inavyoweza kupotelea njiani.

Kutoka Ireland hadi Tsavo

Patterson alizaliwa mnamo Novemba 10, 1867, nchini Ireland, wakati kisiwa hicho chote kilipokuwa chini ya Uingereza. Alijiunga na jeshi angali kijana asiyetimiza miaka 20, akapelekwa India. Huko alijifunza mambo mawili yaliyomfaa baadaye: kazi ya uhandisi na uwindaji wa wanyama wakali. Aidha, alipata kuielewa lugha ya Kihindustani, hivyo akaweza kuzungumza na vibarua bila mkalimani.

Machi 1, 1898, aliwasili Mombasa akiwa ameajiriwa na Reli ya Uganda. Ujenzi ulikuwa umeanza pwani mnamo 1896, na kufikia wakati huo reli ilikuwa imepita nyika ya Taru, ikapita Voi na kufika Tsavo, takriban kilomita 210 kutoka Mombasa. Patterson alikabidhiwa kazi ya kujenga daraja la kudumu juu ya mto huo pamoja na shughuli nyingine za reli upande huu na ule wa mto.

Wengi wa waliofanya kazi hiyo hawakuwa wenyeji. Serikali ya kikoloni ilileta takriban Wahindi 32,000 katika kipindi chote cha ujenzi wa reli hadi Kisumu. Takriban 2,500 kati yao walifariki kwa maradhi, ajali na sababu nyinginezo. Idadi hiyo yafaa ikumbukwe kila inapozungumziwa habari ya simba wa Tsavo, kwa kuwa waliouawa na simba walikuwa sehemu ndogo tu ya waliolipa gharama ya reli kwa uhai wao.

Nyika yenyewe ilikuwa katika hali mbaya. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe, nyati na wanyama wengine wa porini katika miaka ya 1890. Ukame na njaa vilifuatia. Isitoshe, njia ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita katika sehemu hizo kwa miaka mingi, na waliozidiwa na uchovu au maradhi waliachwa wafie njiani. Wataalamu waliokuja kuichunguza historia ya mahali hapo wanaamini kwamba mambo hayo yalichangia kuwazoesha simba wa Tsavo nyama ya binadamu hata kabla ya reli kufika.

Miezi ya hofu

Siku chache baada ya Patterson kufika, vibarua wawili walitoweka. Mwanzoni alidhani wameuawa na wenzao kwa ajili ya fedha. Dhana hiyo ilimtoka pale jemadari wa Kikalasinga, Ungan Singh, aliponyakuliwa usiku kutoka katika hema alimolala na wenzake. Asubuhi Patterson alifuata michirizi ya damu mchangani hadi alipoyapata mabaki yake.

Tangu hapo simba hao walirejea mara kwa mara kwa muda wa miezi kadhaa. Vibarua walizungushia kambi zao maboma ya miiba, wakawasha mioto na kupiga madebe usiku kucha, lakini simba walipenya. Kambi zilikuwa zimetawanyika kwa kilomita nyingi kando ya reli, na Patterson alipokesha kwenye kambi moja, simba walivamia nyingine. Haikuchukua muda kabla ya vibarua kusadiki kwamba hawa si wanyama bali ni mizimu ya machifu waliokasirishwa na reli kupita katika nchi yao.

Patterson alibuni mtego uliotengenezwa kwa mataruma na vyuma vya reli, uliogawanywa sehemu mbili. Katika sehemu moja waliketi askari wenye bunduki wakiwa chambo, huku nondo nene zikiwakinga. Usiku mmoja simba aliingia kweli na mlango ukamfungia. Askari wale walishikwa na hofu, wakafyatua risasi ovyo, na moja ya risasi hizo ikavunja chuma kilichozuia mlango. Simba akatoka na kwenda zake.

Desemba 1, 1898, vibarua walikata shauri. Walimwambia Patterson kwamba walikuja Afrika kuitumikia serikali kwa mkataba, si kuwa chakula cha simba. Mamia yao walijilaza juu ya reli mbele ya treni iliyokuwa ikielekea pwani, ikalazimika kusimama, wakaipanda na kuondoka. Kazi ilisimama kwa takriban wiki tatu. Siku zizo hizo, afisa wa wilaya aliyeitwa Whitehead alivamiwa na simba alipokuwa akitoka stesheni ya Tsavo usiku. Yeye aliponea kwa makucha ya mgongoni, lakini askari wake, Abdullah, aliuawa.

Simba wa kwanza alianguka Desemba 9. Patterson alikesha peke yake kwenye dungu dhaifu la miti minne, karibu na mzoga wa punda. Kwa muda mrefu simba alimzunguka yeye badala ya kumwendea punda, mpaka alipojitokeza vya kutosha gizani na kupigwa risasi. Alikuwa na urefu wa karibu mita tatu kutoka puani hadi ncha ya mkia, na ilibidi watu wanane wambebe kumfikisha kambini. Kama ilivyo kwa simba dume wengi wa Tsavo, hakuwa na manyoya shingoni.

Wa pili alimsumbua zaidi. Alijeruhiwa mara kadhaa kabla ya kuuawa Desemba 29. Asubuhi hiyo, mbeba bunduki wa Patterson aliyeitwa Mahina aliona simba akiwajia, akapanda mti na bunduki ya akiba mkononi. Patterson alilazimika kuupanda mti uo huo ili aifikie. Kama risasi zilizotangulia hazingemvunja simba mguu, huenda jina la Patterson lingekoma hapo.

Pango na maswali yake

Kuna tukio jingine la wakati huo ambalo lina uzito mkubwa kwa watu wa Taita Taveta. Akizunguka vichakani, Patterson alifikia pango ambalo ndani yake aliona mifupa ya watu pamoja na bangili za shaba. Papo hapo aliamua kwamba hilo ndilo lililokuwa maskani ya simba, na kwamba mifupa hiyo ilikuwa ya watu waliokokotwa hadi humo. Hivyo ndivyo alivyoandika, na hivyo ndivyo ulimwengu ulivyosoma.

Karibu miaka 100 baadaye, watafiti wa makavazi ya Field, wakiwamo wanaakiolojia, walilitafuta na kulitambua pango walilodhani ni lile la Patterson. Miongoni mwao alikuwa Mkenya, Chapurukha Kusimba. Uchunguzi huo ulizua shaka kubwa kuhusu madai ya Patterson, kwa maana si desturi ya simba kubeba mizoga hadi pangoni na kuirundika. Ilidokezwa kwamba huenda pango hilo lilikuwa mahali pa kuwekea wafu.

Kwa Mtaita jambo hilo si geni. Kabla ya mila kubadilishwa na dini za kigeni, Wataita walikuwa wakifukua fuvu la mzee baada ya muda fulani tangu kuzikwa kwake na kuliweka pangoni pamoja na mafuvu ya mababu wa ukoo. Mapango ya aina hiyo yangali yapo katika vilima vya Taita na yanaheshimiwa. Iwapo pango aliloliona Patterson lilikuwa la wafu, basi mgeni aliingia katika makaburi ya watu na kuyaita pango la simba, na jina hilo likadumu kwa karne nzima kwa sababu hakuna aliyewauliza wenyeji.

Vibarua na bwana wao

Simba hawakuwa wasiwasi wake wa pekee. Patterson alikuwa na uhasama na baadhi ya vibarua wake. Waashi walilipwa rupia 45 kwa mwezi ilhali vibarua wa kawaida walipata rupia 12, na Patterson alishuku kwamba wengi waliojiita waashi hawakuijua kazi hiyo. Alipoanza kuwalipa kulingana na kiasi cha kazi, walikula njama ya kumuua machimboni mnamo Septemba 1898. Alidokezewa, akaenda hata hivyo, akawatuliza kwa maneno, na baadaye viongozi wa njama wakapelekwa Mombasa kuhukumiwa.

Simba walipokwisha kuuawa, uhusiano huo ulibadilika. Vibarua walirudi kazini na Januari 1899 wakamtunuku bakuli la fedha lililoandikwa shukrani zao. Yeye mwenyewe alilithamini kuliko tuzo nyingine yoyote aliyowahi kupata. Daraja lilikamilika muda mfupi baadaye, na mnamo Mei mwaka huo reli ikafika Nairobi.

Vita, kitabu na kashfa

Kutoka Tsavo, Patterson alikwenda kupigana katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, ambako alipata nishani ya ushujaa. Mnamo 1907 alichapisha kitabu chake kuhusu simba wa Tsavo, kilichosomwa sana Uingereza na Marekani. Mwaka uo huo alirudi Kenya akiwa msimamizi mkuu wa wanyamapori.

Wadhifa huo haukudumu. Mnamo 1908 aliongoza safari ya uwindaji akiwa na Mwingereza Audley Blyth na mkewe. Blyth alifariki kwa risasi hemani mwake. Patterson alimzika porini na kuendelea na safari pamoja na mjane wake, jambo lililozusha uvumi Nairobi hadi London. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, lakini mnamo 1909 alijiuzulu. Inaaminika kwamba mwandishi Ernest Hemingway alitumia kisa hicho kutunga hadithi fupi inayosomwa hadi leo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimrejeshea jina. Mnamo 1915 aliongoza kikosi cha Wayahudi kilichosafirisha shehena kwa nyumbu katika medani ya Gallipoli, na baadaye akaongoza batalioni ya Wayahudi huko Palestina. Japo hakuwa Myahudi, alijifunga na harakati za Wazayuni maisha yake yote, na uhusiano wake na wakuu wake jeshini ukaharibika kwa sababu hiyo. Kwa hivyo, mtu ambaye Kenya inamjua kwa simba, Israeli inamjua kwa sababu nyingine kabisa.

Mazulia yawa maonyesho

Wakati huo wote, simba wa Tsavo walikuwa sakafuni. Patterson alikuwa amezifanya ngozi zao mazulia, na kwa takriban miaka 25 zikakanyagwa nyumbani mwake. Mnamo 1924 alialikwa kutoa mhadhara katika makavazi ya Field. Rais wa makavazi, Stanley Field, alivutiwa na kisa hicho, na ngozi pamoja na mafuvu zikanunuliwa kwa dola 5,000, fedha nyingi mno enzi hizo.

Makavazi hayo tayari yalikuwa na sifa kubwa katika sanaa ya kuwaonyesha wanyama. Carl Akeley, aliyewahi kufanya kazi huko, alikuwa ameuacha ufundi wa zamani wa kushindilia ngozi kwa majani makavu, badala yake akauchonga kwanza mwili wa mnyama kama mchongaji wa sanamu afanyavyo, misuli na mishipa ikaonekana, ndipo akauvika ngozi. Ndovu wake wawili wanaopigana, waliotoka Afrika Mashariki, wangali katika ukumbi mkuu wa makavazi hayo.

Kazi ya kuwafufua simba wa Tsavo ilimwangukia fundi Julius Friesser. Haikuwa rahisi. Ngozi zilikuwa zimekatwakatwa ili zipate umbo la zulia, zimechakaa na kujaa matundu ya risasi na mikwaruzo ya miiba. Friesser alilazimika kuwachonga simba wadogo kuliko walivyokuwa. Ndiyo sababu mtazamaji anayefika Chicago akiwa amejaa masimulizi ya majitu ya kutisha hushangaa kuona wanyama wa wastani.

Tangu hapo, simba wale wamezaa filamu, ikiwamo ile iliyotolewa mnamo 1996 ambayo sehemu kubwa yake ilipigwa Afrika Kusini, wala si Tsavo. Wamezaa pia utafiti. Patterson aliandika kwamba Wahindi 28 waliuawa pamoja na Waafrika ambao idadi yao haikuwekwa, kisha baadaye akadai waliouawa walifika 135. Mnamo 2009, wanasayansi waliochunguza kemikali katika mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria kwamba walikula watu 35 hivi. Bila shaka aliyeliwa si sawa na aliyeuawa tu, lakini pengo hilo ni kubwa.

Uchunguzi wa meno nao ulionyesha kwamba simba wa kwanza alikuwa na jino lililovunjika na jipu chungu kwenye mzizi wake, hali iliyomfanya ashindwe kukamata mawindo ya kawaida. Mnamo 2024, chembe za manyoya zilizokuwa zimekwama katika meno zilipimwa vinasaba, na humo wakapatikana twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia na binadamu. Yote hayo yamejulikana kwa sababu mafuvu yalihifadhiwa vizuri, na ni haki kulikiri hilo.

Nani arudi nyumbani?

Nchini Kenya kumewahi kutolewa wito kwamba simba hao warejeshwe. Wanaopinga husema kwamba waliuzwa kihalali na wametunzwa kwa karne nzima. Wanaounga mkono huuliza ni nani aliyekuwa na haki ya kuwauza. Mnamo 1924 hakuna aliyehitaji idhini ya Mtaita, Mkamba au mzao wa kibarua wa Kihindi. Mkoloni aliua, akachukua, akauza.

Hoja ya kwamba kilichokwenda hakirudi imeanza kupoteza nguvu. Vigango, sanamu za miti ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliofariki, viliibwa kwa wingi vikauzwa katika majumba ya sanaa na makavazi ya Marekani kana kwamba ni mapambo. Mnamo 2023, makavazi ya jimbo la Illinois yalivirejesha Kenya vigango 37. Chicago iko katika jimbo hilo hilo. Ni kweli simba si kigango, na hakuna ukoo unaomwita babu. Lakini swali la nani anasimulia kisa, na mbele ya nani, ni lile lile.

Suala hili si la fahari tupu. Mbuga za Tsavo zilizotangazwa mnamo 1948 zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta. Wakazi wa vijiji vinavyopakana nazo wangali wanapoteza mifugo kwa simba na mimea kwa ndovu, na mara nyingine maisha. Kwao simba wa Tsavo si hadithi ya 1898. Haki inataka kwamba, pale ambapo ulimwengu hulipa kiingilio kutazama simba wa nchi yao, jina la nchi hiyo na la watu wake liwe sehemu ya maonyesho, na faida ya kisa hicho iwafikie.

Hata kabla ya simba kurudi, kuna mengi yanayowezekana. Mafuvu yanaweza kunakiliwa, nakala zikawekwa Voi ambako mwanafunzi wa Sagalla au Mwatate anaweza kuziona kwa nauli ya matatu. Jina la Ungan Singh na la Abdullah yanaweza kuandikwa karibu na daraja. Wazee wa Taita wanaweza kuulizwa kuhusu pango, swali ambalo Patterson hakuliuliza.

Patterson alifariki Juni 18, 1947, huko California, Marekani, akiwa na umri wa miaka 79. Alikuwa ametamani kuzikwa katika nchi ya askari aliowaongoza vitani. Ilichukua miaka 67, lakini hatimaye, Desemba 2014, majivu yake yalisafirishwa kutoka Marekani hadi Israeli na kuzikwa upya huko Avihayil, waziri mkuu wa nchi hiyo akihudhuria. Ilikubaliwa kwamba masafa na miaka si kizuizi cha kumrudisha mtu mahali alipopaona kuwa pake.

Simba wake wawili wangali Chicago.